Dhamana ya Mume kwa Mke Amwitaye Ughaibuni

Bismillahi 'r-Rahmani 'r-Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewafanya wanadamu kuwa waume na wake, akaipanua ardhi yake wapate kutembea ndani yake kutafuta riziki. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume aliyeuhama mji wake, na Jamaa zake na Masahaba zake, waliohama pamoja naye na waliowapokea wahamaji katika majumba yao. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, waraka huu umeandikwa kwa sababu ya suala moja nililoulizwa katika mji wa Babati. Lau si suala hilo nisingalithubutu kuingia katika khabari hizi, kwani mimi si mtu wa pasipoti wala wa viza; lakini mwenye kuulizwa akanyamaza, naye ajua mahali pa kulitafuta jawabu, huyo hana udhuru.

Babati ni mji mkuu wa mkoa wa Manyara, kusini ya Arusha, wenye ziwa la viboko chini ya mlima wa Kwaraa. Hapo ndipo zipambanapo njia: moja yatoka Arusha, moja yaenda Singida, na moja yateremka Kondoa hata Dodoma. Sisi watu wa pwani twaujua upande ule tangu enzi za misafara, kwani Kondoa Irangi palikuwa kituo cha wafanyi biashara wetu. Na hata leo vijana wetu wa Tanga na Pangani huenda kule kununua mbaazi na mahindi, wakaona kheri, wakaoa. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kuwa wako kati yetu wamwonao mke wa bara kuwa ni mke wa safari, akimbilie akiwa kule na amsahau akirudi pwani. Nami nimelitaja hili mapema ili msomaji wa pwani asidhani kuwa waraka huu wahusu watu wengine.

Baada ya sala ya Alasiri mzee mmoja, Mrangi, alinishika mkono tukakaa barazani pa msikiti. Akasema: "Sheikh, binti yangu aliolewa na kijana wa kwenu pwani. Walii nilikuwa mimi mwenyewe, mashahidi walikuwapo, mahari alitoa yote siku ile ile. Baada ya miezi minane akapata safari ya Kanada. Sasa ni mwaka wa sita. Pesa huleta kila mwezi, hakukosa hata mmoja, nami simsingizii. Na kila mwaka husema: karatasi zi karibu. Basi juzi ameleta kwa simu picha ya barua aliyoandikiwa na ofisi ya huko, mjukuu wangu akanisomea. Barua yasema kuwa mkwe wangu, alipoomba kuingia inchi ile, aliandika kwa mkono wake kuwa hana mke. Nami nakuuliza, Sheikh: mwanangu ni mke wa mtu, au si mke wa mtu?"

Sikumjibu pale pale. Nalimwomba siku tatu, nikaenda kusoma na kuuliza.

Jueni kwamba Kanada hawamkatazi mtu mkewe. Raia wa huko, au mgeni aliyepewa ukaazi wa kudumu naye yuko huko, akiwa ametimiza miaka 18, ana ruhusa ya kumwita mkewe ili naye apewe ukaazi wa kudumu. Tena katika kumwita mke hawasharutishi, kwa walio wengi, kima maalumu cha pato. Wataka tu mume asiwe mwenye kuishi kwa posho ya umasikini ya Serikali, na atie sahihi dhamana ya kumkimu. Lakini pana kifungu katika kanuni zao za mwaka 2002, na maana yake ni hii: mtu aliyeomba ukaazi, naye ana mke, asimtaje mke huyo wala mke asichunguzwe pamoja na ombi lake, basi baadaye mke huyo hahesabiwi tena katika jamaa awezao kuitwa na mtu huyo. Hawakuulizi ulimficha kwa nini, wala kama ulimpenda. Mwaka 2019 walilegeza kwa watu wa namna fulani, kama wakimbizi na walioitwa na jamaa zao, ambao lau wangalisema kweli tangu mwanzo wasingalizuiwa kuingia. Waliobaki wana mlango wa kuomba huruma, nao ni mwembamba.

Na kijana wetu kwa nini aliandika hivyo? Nimemuuliza mwenyewe kwa simu. Amejibu kuwa dalali wa safari ndiye aliyemshauri, akamwambia kapera hupata upesi, na mwenye mke hucheleweshwa kwa maswali. Aandike kapera, akifika atamwita mkewe. Dalali alichukua ujira wake akaenda zake. Neno moja katika karatasi, alilodhani ni la kumfupishia njia mwaka mmoja, limemfungia mkewe mlango miaka sita.

Sasa tutazame hukumu. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii walilizungumza jambo hili kabla ya kuwako pasipoti: mtu akiulizwa, "Una mke?" akajibu, "Sina," je, mkewe ameachika? Wakasema kuwa neno hilo kwa dhahiri yake ni uwongo, si tamko la wazi la talaka. Na kijana huyu hakukusudia kuacha, alikusudia kudanganya. Basi dhambi ya uwongo iko juu yake, na ndoa iko mahali pake. Nikamwambia mzee: binti yako ni mke wa mtu, wala hajapata kutoka katika ndoa hata siku moja. Nafaka ni haki yake, mumewe akifa atamrithi, naye akiolewa na mwengine katika hali hii ndoa hiyo ni batili.

Mzee akanitazama, akasema: "Alhamdulillahi. Lakini basi mbona yuko kama asiye mke?"

Hapa ndipo penye uzito, ndugu zangu, nami nataka tusimame hapa kidogo. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 129, amemkataza mume kumwacha mke katika hali ya kitu kilichotundikwa. Wafasiri wakaeleza: hana mume wa kuwa naye, wala hakuachwa apate kuolewa. Kitu kilichotundikwa hakiko ardhini kikapata kutulia, wala hakikutupwa kikapata kuokotwa. Aya imeshuka katika khabari ya uadilifu baina ya wake wengi, lakini dhara iliyotajwa ndiyo hii hii. Na kijana wetu hana mke mwengine. Mwenziwe wa binti yule ni karatasi.

Msiseme kuwa pesa yatosha. Katika Sura ya Talaka twaamrishwa kuwakalisha wake pale tukaapo sisi, kwa kadiri ya uwezo wetu, bila kuwadhuru kwa kuwatia dhiki. Ijapokuwa aya hiyo yawataja waliomo katika eda, mafakihi wamesema: ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, aliye katika ndoa ana haki zaidi. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akizunguka Madina usiku alimsikia mwanamke akilalamikia upweke wake, mumewe yuko katika jeshi. Akamwendea bintiye, Bi Hafsa (R.A.), akamuuliza mwanamke awezavyo kustahimili pasipo mumewe. Akajibiwa miezi minne, na katika riwaya nyengine miezi sita. Akaamrisha askari wasizuiliwe zaidi ya hapo. Watu wale walikuwa katika jihadi, si katika kazi ya mshahara! Tena imepokewa kwamba aliwaandikia maamiri wa majeshi katika khabari ya watu waliokuwa mbali na wake zao, wawatake ama walete nafaka ama waache, na mwenye kuacha alete nafaka ya muda wote aliouzuia.

Basi mzee aliniuliza kama aweza kumdai mwanawe kwa Kadhi. Nikamweleza kwa insafu. Madhehebu yetu hayafasikhi ndoa kwa ghaibu peke yake maadam nafaka yafika. Hufasikhi mume aliposhindwa na nafaka. Lakini madhehebu ya Imamu Malik yampa mke haki ya kudai akidhurika na ghaibu ndefu, hata nafaka ikiwa yafika, baada ya mume kuandikiwa kwamba aje, au amchukue, au amwache; na makadhi wengi wameifuata kauli hiyo kwa kuona dhara. Nami, ijapokuwa ni Mshafii na nitakufa Mshafii kwa idhini ya Mungu, naiona kauli hiyo yafaa sana katika zama hizi. Imamu Shafii hakuona mtu anayezuiliwa miaka sita na wino wake mwenyewe.

Natoka katika suala la mzee kidogo, kwani nikiisha kuuliza juu ya hili nimefunguliwa mengi mengine.

Mwaijua hadithi ya nia, iliyo ya mwanzo katika kitabu cha Imamu Bukhari, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomtaja aliyehama kwa ajili ya mwanamke wa kumwoa, kwamba kuhama kwake ni kwa hilo alilohamia. Maulamaa wametaja hapo kisa cha mtu aliyemposa mwanamke aitwaye Umm Qays, naye akakataa mpaka ahame kwenda Madina. Akahama, akamwoa, wakawa wakimwita mhamaji wa Umm Qays. Mtu yule alihama apate kuoa. Vijana wetu sasa waoa wapate kuhama. Hutafuta mwanamke mwenye ukaazi wa kudumu, wakaagana kwa siri kuwa watakaa hata karatasi zitoke kisha waachane, na pengine humlipa fedha, na wenyewe huiita ndoa ya karatasi, kana kwamba jina hilo laondoa hukumu.

Haliondoi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa nikahi, talaka na rejea ni mambo matatu ambayo mzaha wake ni kama kweli yake. Ikiwa walii alikuwapo na mashahidi wawili, na ijabu na kabuli zimetamkwa, basi umeoa, ijapokuwa moyoni mwako ulikuwa ukicheka. Mahari ni deni lako, na ukifa kesho mwanamke huyo atagawana na mkeo wa Babati ule urithi wa mke. Na ikiwa mumeutaja muda ndani ya aqdi yenyewe, hiyo ni mut'a, nayo ni batili kwetu. Na ikiwa muda mmeuficha nyoyoni, wanazuoni wetu wameisahihisha kwa dhahiri pamoja na kuichukia, na mwenye kudanganya yuaulizwa juu ya udanganyifu wake. Hiyo ndiyo hukumu ya Akhera. Ya dunia, Marekani sheria yao yamtia mwenye ndoa ya hila kifungoni hata miaka mitano, pamoja na faini hata dola 250,000, na jina lake hufungiwa asiitwe tena kwa ndoa yo yote. Wala hawaridhiki na cheti: ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku mke aingiapo, humpa ukaazi wa sharti wa miaka miwili, kisha wataka dalili kuwa wawili hao waliishi kweli.

Watu hulalamika kuwa maafisa huwauliza wake zao maswali ya kuchunguza: mlijuana wapi, mumeo alala upande gani wa kitanda. Baadhi ya maswali ni ya kuvunja haya, nayo twayachukia. Lakini asli ya kuchunguza si dhulma. Katika Sura ya Mumtahana, aya ya 10, Waumini wameamrishwa kuwajaribu wanawake wahamao waliofika Madina. Na imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa mwanamke aliapishwa kuwa hakutoka kwa kumchukia mumewe, wala kwa kupenda kubadili inchi kwa inchi, wala kwa kutaka dunia. Zingatieni hilo la kubadili inchi kwa inchi! Lau kiapo hicho kingalitiwa leo katika karatasi za viza, sijui wangapi wetu wangalitia sahihi.

Jambo jengine ni nikahi ya simu, nalo limeenea mno. Kijana yuko Toronto, mchumba yuko Babati, watu wakae msikitini, simu iwekwe juu ya mkeka, na sauti iseme, "Nimekubali." Hapa yatakikana kupambanua. Kumweka wakili ni halali pasipo khilafu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwoa Bi Umm Habiba binti Abi Sufyan hali yeye yuko Madina na mwari yuko Habasha, katika bara hili letu. Alimtuma Amr bin Umayya kwa Najashi. Bi Umm Habiba akamwakilisha Khalid bin Said. Na Najashi akatoa mahari kutoka mali yake, dinari 400, na katika riwaya nyengine dirhamu 4,000, kisha akamsafirisha kwenda Madina. Huyo ni mke aliyeolewa ng'ambo ya bahari kisha akachukuliwa kwa mumewe kwa heshima; wala hakuwekwa Habasha akitumiwa matumizi.

Lakini simu si wakili. Majmaa ya Fiqhi ya Jedda, ilipokutana mwaka 1990, iliruhusu mikataba kufungwa kwa vyombo vya kupelekea khabari, ikaitoa nikahi, kwa sababu nikahi yataka mashahidi wanaohudhuria. Basi kijana na amwakilishe mtu kwa simu, na wakili huyo akae mbele ya walii na mashahidi, kama alivyokaa Khalid. Hapo nikahi imesihi mbele ya Mungu.

Na mbele ya Kanada? Haikusihi. Tangu mwezi wa Juni 2015 hawaikubali kwa kumwita mke ndoa ambayo mmoja katika wawili hakuhudhuria kwa mwili wake, ikiwa ni kwa wakili au kwa simu, ila kwa askari wao waliozuiliwa na kazi. Marekani nao hawaihesabu mpaka wawili wakutane baada ya aqdi. Je, tuwalaumu? Mimi siwalaumu sana. Wao hawatuhukumii nikahi yetu, wahukumu nani aingie kwao. Lililo juu yetu ni kulijua jambo hili kabla ya kufunga aqdi, si baada. Aliyekwisha oa kwa wakili na arudi, akae na mkewe, na wakariri aqdi wote wawili wakihudhuria, na cheti kiandikwe kwa tarehe ya siku hiyo. Kuikariri aqdi kwa ihtiyati hakuivunji ile ya kwanza, kwa kauli yenye nguvu. Kisha atakapoulizwa na aseme yote mawili kama yalivyokuwa.

Nimesema cheti kiandikwe kwa tarehe ya siku hiyo, nami nimelikusudia neno hilo. Sisi masheikh tuliopewa idhini ya kusajili ndoa kwa Sheria ya mwaka 1971 tuna sehemu yetu katika uovu huu. Hujiwa na kijana mwenye bahasha, akasema, "Sheikh, nirudishie tarehe nyuma miaka miwili, ndoa ionekane ya zamani." Au, "Andika kuwa mume alikuwapo." Na mimi nakiri mbele yenu: miaka mingi nyuma nalitia sahihi cheti ambacho shahidi wake wa pili sikumwona, nikaambiwa yuko njiani yuaja, nami nalikuwa na haraka ya safari. Hakuja. Ndoa ile haikuwa na shahidi wa pili, nami ndiye niliyeshuhudia kuwa anaye. Nimekwenda kwa wenyewe nikawaeleza, tukaifunga upya. Lakini miezi saba walikuwa wamekaa kwa sahihi yangu. Wala sikuchukua hata senti, na hilo halinipunguzii kitu.

Khabari ya mke wa pili ni fupi. Kanada, Uingereza na Marekani kote hawamwiti ila mmoja. Basi wako watendao hivi: huenda mbele ya hakimu wakatamka kuwa wamemwacha wa kwanza, ili wamwite wa pili, kisha warudi kwa wa kwanza wakimwambia, "Ile ilikuwa talaka ya Serikali tu." Ewe ndugu, ukiisha kutamka kwa ulimi wako, kwa lafudhi ya wazi, kuwa umemwacha mkeo, ameachika, wala talaka haingoji nia yako. Na ukirudi kwake baada ya eda kwisha pasipo aqdi mpya, wajijua ulivyo. Mwenye kuwataka wake wawili na akae inchi inayowahifadhi wote wawili.

Sasa nije katika dhamana yenyewe, na jina la waraka huu ni hilo. Kanada mume hutia sahihi kumkimu mke kwa muda wa miaka mitatu tangu siku apewapo ukaazi. Marekani ni zaidi: huapa kumdhamini asipungukiwe na kima kinachohesabiwa kwa kuongeza robo juu ya mpaka wa umasikini wao, na dhamana hiyo haiondoki mpaka mke awe raia, au ihesabiwe kazi ya kiasi cha miaka kumi, au aihame inchi ile moja kwa moja, au afe. Uingereza hawaandikishi hivyo kwa kila mume, lakini tangu tarehe 11 Aprili 2024 wamekipandisha kima cha pato kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka.

Vijana husema: "Nikimwacha, nafaka yangu ni ya eda tu, miaka mitatu yatoka wapi?" Jawabu: yatoka katika sahihi yako. Nafaka ya ndoa ni jambo moja na dhamana ni jambo jengine. Nafaka ya ndoa yaondoka kwa talaka na kwisha eda, kama mafakihi wanavyoeleza. Lakini ahadi uliyoiandika ya kuwa mdhamini, nao wakakuambia mapema kuwa talaka haiivunji wala kukosa kazi hakuivunji, hiyo umejifunga nayo kwa khiyari yako, na Sura ya Maida yaanza kwa kuwaamrisha Waumini watimize mafungamano yao. Hawakusema: ila yaliyofungwa na asiyekuwa Mwislamu. Kumbukeni kisa cha Abu Qatada (R.A.). Ililetwa jeneza ya mtu mwenye deni la dinari mbili, Mtume (S.A.W.) akakataa kumsalia, mpaka Abu Qatada akasema kuwa dinari hizo ziko juu yake. Akamsalia. Na siku ya pili akamuuliza: zile dinari mbili zimefanywaje? Dhamana ya dinari mbili iliulizwa siku ya pili yake. Nawe umewadhamini miaka mitatu, ukamwacha mwanamke wa Babati katika theluji, asiyejua lugha wala basi la kupanda, ukasema eda imekwisha.

Na wanawake nao wajue, na waume wasiwafiche: Kanada aliyeitwa na mumewe hawezi kumwita mume mwengine mpaka itimie miaka mitano tangu alipopewa ukaazi. Tena ukaazi wa kudumu si uraia. Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa inchi nyengine, sheria yetu ya mwaka 1995 yamwondolea wa kwetu, na shamba la babake kule Babati lina hukumu nyengine tangu siku hiyo. Mume na amweleze mkewe haya kabla hajatia sahihi, kwani yeye ndiye anayeondoka kwao.

Wala tusiseme kuwa mambo haya ni ya Wazungu tu. Sheria ile ile ya 1995 yampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Lakini mume mgeni wa Mtanzania hakupewa njia hiyo, hupita katika njia ya wageni wote. Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, wamewasawazisha: aliyekaa katika ndoa na raia miaka saba, akiwa mume au mke, ana haki ya kuomba kusajiliwa. Mwenye mke wa Mombasa au Lamu aliyemleta Tanzania na aende akamfanyie karatasi zake. Wako wanawake wa namna hii hapa kwetu, wana wajukuu, nao hawana hata kipande cha ukaazi, kwa sababu tu mume alisema, "Nani atakuuliza?"

Nirudi kwa mzee. Siku ya tatu nilimsomea jawabu, akaridhia nimwandikie mkwewe. Nikamwandikia mambo haya: kwanza, atubie uwongo wake, na aiandikie ofisi ile kweli yote kwa mkono wake mwenyewe, pasipo dalali, aombe huruma yao, hata ikiwa kusema kweli kwamhatirishia ukaazi wake mwenyewe, kwani ukaazi alioupata kwa kumkana mkewe hana haki ya kuulinda kwa kuendelea kumkana. La pili, maadam ombi hilo halijajibiwa, arudi Babati akae na mkewe kila mwaka muda usiopungua ule wa Sayyidna Umar kugeuzwa kinyume, yaani asipitishe miezi mingi mfululizo mbali naye; na ikiwa kazi haimruhusu, basi aitazame kazi hiyo. La tatu, ikiwa hayawezi hayo mawili, amwache kwa wema, ampe haki zake, wala asimzuie kwa pesa za kila mwezi.

Binti mwenyewe nilimuuliza mbele ya babake anataka lipi. Akasema: "Nataka anijie. Kanada siijui, wala sikuiomba. Aliyeitaka ni yeye." Neno hilo nalo nililiandika katika barua.

Kijana alijibu kwa sauti katika simu, analia, akamtaka radhi mzee na mkewe, akasema kuwa barua ya ofisi ameianza, na kuwa atakuja mwezi wa Shaabani. Nikampelekea mzee simu barazani akaisikiliza mara mbili, amefumba macho. Ilipokwisha alinirudishia simu, akaniuliza: "Shaabani ya mwaka gani?"

Nimemwandikia kijana suala hilo kama lilivyo, na jawabu yake naingoja.

Wa billahi 't-tawfiq.